Wajane Wawili, Eda Moja

Akiru alifika siku ya tatu baada ya sisi kumzika Ayo, saa nne asubuhi, akiwa na mfuko mmoja wa safari na viatu vilivyojaa vumbi la siku mbili. Nilikuwa uani nikigombana na mtungi wa gesi. Nikasikia mtu anabisha geti la mabati kwa kucha, si kwa ngumi wala kwa jiwe kama wanavyobisha watu wa Isiolo, na kabla sijageuka nilijua ni nani, kwa sababu ni mtu mmoja tu aliyewahi kubisha geti letu namna hiyo. Ayo ni mama yangu. Ndivyo sisi Waborana tunavyomwita mama, na ndivyo Akiru pia alivyomwita, ingawa mama yake mzazi alikuwa mwingine, Mturkana, mke wa pili wa baba yetu. Mimi na Akiru ni watoto wa baba mmoja. Hatukuwa tumeonana kwa miaka thelathini na mitatu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya siku hiyo, mimi mwalimu ambaye kila muhula huwakumbusha watoto kwamba insha huharibika ikikosa utangulizi mzuri, na nilichosema ni, "Umenenepa." Akasema, "Na wewe umezeeka." Halafu akanipita kwenda kunawa uso kwenye bomba, bila kuuliza bomba liko wapi.

Ndani sebule ilikuwa imejaa wanawake kwenye mikeka, na mazungumzo yalikuwa yamekwisha kuhama kutoka sifa za Ayo hadi mambo ya redioni. Asubuhi hiyo watu walikuwa wamebishana hewani kama Wakenya wote wawe na sheria moja ya ndoa na mirathi, Mwislamu, Mkristo na asiye na dini, au kila watu wabaki na yao. Zamzam, binti wa kaka yangu Guyo, anasomea uwakili Nairobi, na hawezi kupitwa na jambo kama hilo hata kwenye matanga ya nyanya yake. "Hii maneno ni rahisi tu," akasema. "Sheria iwe moja. Mtu akikufa, bibi ni bibi, mtoto ni mtoto. Hakuna kuuliza anaomba wapi." Akina mama wazee wakavuta pumzi, mmoja akasema astaghafirullah. Mama Diba, jirani yetu tangu nizaliwe, akaweka kikombe chini. "Na hiyo moja itakuwa ya nani, mwanangu? Itaandikiwa Nairobi. Sisi watu wa huku tumewahi kuandikiwa nini Nairobi ikatufaa? Hii ya Kadhi ndio kitu yetu moja wametuachia. Na hiyo pia mnataka?" Kisha wote wakanigeukia mimi, maana mwalimu hudhaniwa ana jibu la kila kitu. Akiru alikuwa ameketi karibu na mlango, msalaba mdogo shingoni, anapuliza chai yake. Hakunitazama. Nikawaambia chai inapoa, nikatoka kwenda kutafuta sukari ambayo ilikuwa mbele yangu.

Ningeweza kuwajibu kwa mwaka mmoja tu wa maisha yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri matokeo, na Akiru alikuwa na kumi na sita. Nyumba yetu ya mtaa wa Wabera ilikuwa na vyumba vinne vya mawe mbele na viwili vya mbao nyuma, na katikati ua wenye bomba, mwarobaini mmoja na jiko. Mbele alikaa Ayo na watoto wake, yaani Guyo na mimi. Nyuma alikaa Mama Akiru na binti yake. Hivyo ndivyo mtu angekueleza akikuonyesha nyumba, lakini ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nimehamia nyuma tangu nikiwa darasa la pili, kwanza kwa sababu ya redio ya Mama Akiru, na baadaye kwa sababu nilishindwa kupata usingizi kitandani peke yangu. Mimi na Akiru tulilala kitanda kimoja cha mbao ambacho kilipiga kelele ukipumua. Yeye alilala upande wa ukutani. Alikuwa akiogopa kuanguka, hivyo ndivyo alivyosema, lakini aliyeanguka kila mara nilikuwa mimi, kwa sababu alipiga mateke usingizini utadhani punda amefungwa. Ukuta ule ulikuwa na ufa uliopitisha hewa baridi kutoka nje, na wakati wa joto la Februari niliutamani upande ule kuliko kitu chochote. "Sogea," nilikuwa nikimwambia. "Huu ni upande wangu," alikuwa akijibu, macho yamefungwa. Nimelala vitanda vingi tangu wakati huo, kikiwemo cha ndoa, na hakuna nilichokitamani kama kile.

Jiko lilikuwa moja na sufuria ilikuwa moja. Hilo lilikuwa neno la Aba, baba yetu, mfanyabiashara wa mbuzi aliyeshinda nusu ya maisha yake kati ya Merti na soko la mifugo hapa mjini. Alimwoa Mama Akiru akiwa Mkatoliki na hakuwahi kumwambia aache kanisa lake, na Akiru alipozaliwa akamwacha mama yake ampeleke kubatizwa. Watu walisema. Yeye alisema yuko na kazi ya mbuzi, hana nafasi ya kazi ya Mungu. Ili sufuria ibaki moja, kila mnyama alichinjwa na Guyo, hata mbuzi wa Krismasi. Ramadhani Mama Akiru ndiye aliyekoroga uji wa futari, na alionja chumvi kwa niaba yetu sote, anatusifia uji mtamu huku sisi tumekauka midomo. Jumapili Ayo alimwekea chakula chini ya sahani mpaka arudi kutoka misa. Siku hizi kuna semina za mambo hayo, watu wanalipiwa hoteli na kupewa kofia. Sisi hatukujua kama yana jina. Tulijua anjera za asubuhi, nyirinyiri, vipande vya nyama ya ngamia iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye kopo la samli, na Akiru akigombania ukoko wa wali na mimi mpaka Ayo atupige wote wawili na mwiko.

Mwaka ule, Aba alirudi kutoka Merti juu ya lori akitetemeka, na katika muda wa wiki moja hakuwepo. Nitasema kitu hapa ambacho sijawahi kukisema kwa mtu. Siku ya mwisho aliyokuwa na sauti, alimwita Akiru amkande miguu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na glasi ya maji. Hakuniona, au aliniona akadhani nitakuja mwenyewe. Nilisimama pale mpaka maji yakapata joto mkononi mwangu, nikamsikiliza Akiru akimsimulia habari za mwalimu wao mwenye sauti ya mbuzi, na Aba akicheka kile kicheko chake cha puani. Nilimpenda dada yangu. Dakika ile nilimchukia pia, na chuki hiyo ndogo niliificha, nikadhani imekufa.

Tulimzika kabla ya alasiri. Kesho yake Ayo alianza eda. Kwa sisi Waislamu mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, bila pambo, bila manukato, bila kutoka ila kwa shida. Baba Mdogo Galgalo, ndugu ya Aba, alikuwa amekuja kupanga mambo. Ayo alikuwa chumbani kwake, nguo nyeupe tayari mwilini, akaita kupitia ua: "Mama Akiru! Kottu, njoo. Tukae." Baba Mdogo akasema, kwa upole wote, kwamba yule si Mwislamu, eda yake ni ya nini. Ayo akamjibu kutoka ndani, "Bwana ni yule yule. Kilio itakuwa mbili kwa nini?" Mama Akiru alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba chake. Akavua shanga zake zote shingoni, moja baada ya nyingine, na zilikuwa nyingi, akamkabidhi Akiru. Halafu akavuka ua akaingia kwa Ayo, akafunga mlango.

Kile chumba ndicho ninachokikumbuka kuliko chumba kingine chochote duniani. Magodoro mawili sakafuni. Dirisha lenye pazia la kijani ambalo lilifanya nyuso zao zionekane kama za watu walio ndani ya maji. Mkeka wa kuswalia wa Ayo upande huu, rozari ya Mama Akiru kwenye msumari upande ule, na katikati rundo la makuti ya mikoma, maana Mama Akiru alikuwa msusi wa vikapu na mikono yake haikujua kukaa bure. Ayo alijaribu kujifunza. Kikapu chake cha kwanza kiliinama upande mmoja, kikakataa kusimama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilisikia wajane hao wakicheka, wamejifunika midomo kwa shuka kama watoto waliokamatwa. Mimi na Akiru tulipika, tukawapelekea chakula kwenye sinia moja, tukakaa nje ya mlango tukichambua maharagwe na kusikiliza. Mambo yote ya maana niliyojifunza mwaka ule niliyasikia kupitia mlango huo. Siku moja Mama Akiru aliuliza, "Dada, mimi nikikufa kwanza, utanililia aje? Si dini yako itakukataza?" Nikasikia Ayo akivuta kuti jingine. "Itanikataza kupiga mayowe," akasema. "Haijanikataza kulia." Akiru akanikanyaga mguu, akainamia maharagwe yake.

Mwezi wa tatu wa eda wageni wakaanza kuja na mambo. Kwanza alikuja Baba Mdogo, akakaa uani akazungumza na pazia. Akaeleza kwamba mirathi itakwenda kwa Kadhi, kwamba kwa sheria yetu Mwislamu hurithiwa na Mwislamu, na kwamba Mama Akiru na binti yake hawamo. Hakulisema kwa ubaya. Aliongeza kwamba kama wangetamka shahada labda yeye angeenda kuulizia kama kuna njia. Halafu Mama Akiru akasema, "Miaka kumi na tisa Mzee alilala kwangu, hakuniuliza. Leo niulizwe kwa ajili ya kitanda yake?" Baba Mdogo akaangalia viatu vyake. Wiki iliyofuata alikuja binamu ya Mama Akiru, karani katika ile korti nyingine, ya serikali, suti ya rangi ya udongo na kalamu tatu mfukoni. Yeye alitaka waende huko. Alisema huko mke ni mke na mtoto ni mtoto, msichana sawa na mvulana, na kwamba Mama Akiru akiweka pingamizi, Kadhi hawezi kugawa hata mlango. "Wewe si Mwislamu, hiyo korti yao haikushiki. Sema tu neno moja." Nilikuwa uani nikianika nguo, na mikono yangu iliacha kufanya kazi. Mama Akiru akamjibu, "Nikifanya hiyo maneno, huyu mama tunakaa na yeye hapa ndani aje? Miezi imebaki miwili. Tutakuwa tunaangaliana?" Karani akasema hayo ni ya moyo, hayasimami mahakamani. Alikuwa anasema kweli, na nilimchukia kwa hilo.

Ayo naye alikuwa na msimamo wake, na aliurudia mara nyingi mbele yetu sote: sheria ya Mungu si yake kuibadilisha, lakini chumba cha nyuma ni cha Mama Akiru, hilo halina mjadala. Aliamini mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja kama magodoro yale mawili. Nafikiri yangeweza, kama si mimi.

Eda iliisha siku ya Alhamisi. Wajane wakaoga, wakavaa nguo mpya za rangi, wakatoka uani wakipepesa macho kwa jua. Jumamosi Baba Mdogo akaniletea fomu ya Kadhi. Guyo mwandiko wake ulikuwa wa daktari, na Baba Mdogo hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo kazi ikawa yangu, na nilijivuna. Fomu ilikuwa moja tu, akaniambia nianze kwenye karatasi nyingine nisije nikaiharibu. Nikaenda chumba cha nyuma, nikang'oa ukurasa wa katikati wa daftari la hesabu la Akiru, nikakaa kitandani nikaandika. Marehemu ameacha wajane: Ayo, Mama Akiru. Marehemu ameacha watoto: Guyo, mimi, Akiru. Sikufikiri hata kidogo. Niliwaandika kama vile ungehesabu watu wa kuwapakulia chakula. Nikampelekea Baba Mdogo, nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akajikuna ndevu. "Hapa andika wale wanarithi tu, Habiba. Ukijaza watu wengine Kadhi ataanza maswali, maneno itachukua mwaka. Hao hakuna mtu anawafukuza. Watakaa. Ni karatasi tu."

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na miaka kumi na minane, si minane. Ningeweza kwenda kumuuliza Ayo, aliyekuwa hatua kumi kutoka pale akipepeta mchele. Nilijiambia kwamba ndiyo sheria, na kwamba kumwandika mtu asiyerithi ni kumpa tumaini la uongo. Lakini nilipoishika kalamu nilikumbuka pia glasi ile ya maji mkononi, mlangoni, na Aba akicheka. Nikakata majina mawili. Halafu nikarudi kitandani, nikanakili yaliyobaki kwenye fomu, kwa mwandiko wangu bora, herufi zimesimama kama askari.

Kwa Kadhi tulikwenda Jumatano. Akiru ndiye aliyenipigia pasi buibui. Kadhi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliisoma fomu polepole, kidole chini ya kila jina. Akauliza, "Hawa ndio wote aliowaacha?" Baba Mdogo akasema ndio wote. Kadhi akauliza nani aliyeandika. Nikasema ni mimi. Akanitazama juu ya miwani. "Mwandiko mzuri sana," akasema. Sijawahi kusifiwa tena bila kuisikia sauti ile.

Ugawaji ulikuwa wa haki kama ulivyoandikwa. Ayo alipata thumuni yake, yaani moja ya nane, Guyo sehemu mbili na mimi moja, na kwa kuwa nyumba haikatwi kama keki, walikubaliana kwamba vyumba vya mbele viwe vya Ayo na Guyo, na vile viwili vya nyuma viwe vyangu. Baba Mdogo alifurahi. Alisema sasa mambo yamekaa sawa, Mama Akiru yuko salama kwa sababu yuko chini ya mtoto anayempenda. Alikuja kumwambia mwenyewe, na mimi nikamfuata nyuma, karatasi mkononi. Mama Akiru alikuwa ameketi kwenye kigoda akisuka. Akasikiliza. Kisha akaniita. Si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. "Habiba, mwanangu. Wewe sasa ndio mwenye hii chumba?" Nikasema, Mama, ni chako, kaa mpaka Mungu atuchukue. Akatikisa kichwa. "Nimekaa hapa kama bibi ya mtu. Siwezi kukaa kama mgeni wa mtoto wangu." Akamaliza mshono aliokuwa nao mkononi, akauma uzi, akainuka kuanza kufunga vitu.

Waliondoka Jumapili baada ya misa, kwa pikapu, kwanza kwa kaka yake huko Ngaremara na baadaye Lodwar. Ayo alisimama getini. Alikuwa amemwomba kwa siku tatu, kwa Kiborana, kwa Kiswahili na kwa maneno machache ya Kiturkana aliyoyajua, na mwishowe alinyamaza akampa kile kikapu chake kilichoinama. Mama Akiru akakipokea kwa mikono miwili. Akiru alichelewa chumbani; nilimwona akipekua chini ya godoro, nikadhani anatafuta vitabu vyake vya shule. Alipotoka alinipita bila kuniaga. Nilimwita. Alipanda nyuma ya gari, akaketi juu ya magunia akiangalia upande wa Ngaremara, na shingo yake haikugeuka hata gari lilipokata kona ya msikiti.

Ayo aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa jikoni siku hiyo hiyo, sufuria mbele yetu ikiwa kubwa kuliko watu waliobaki. "Uliwaandika?" Nikasema, walisema waandikwe wanaorithi. "Sikuuliza walisema nini," akajibu, akaendelea kukoroga. Simu zilipofika, alimpigia Mama Akiru kila Ijumaa baada ya swala, na mimi nilitafuta shughuli uani mpaka amalize. Miaka mitano iliyopita Mama Akiru alifariki. Ayo alilia bila sauti, kama alivyoahidi.

Nilikuja kukutana na yule Kadhi miaka mingi baadaye, amestaafu, ameketi nje ya duka la mwanawe. Nilimweleza yote. Akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Akasema sehemu za warithi asingeweza kuzigusa, lakini dini yenyewe inataka jamaa waliopo wakati wa kugawa, wasiorithi, wasiondoke mikono mitupu, na kwamba angetuketisha sote, angewauliza warithi mmoja mmoja wanatoa nini kwa hiari yao, na angekiandika chumba kile kwa jina la yule mama. "Mara ngapi nimefanya hivyo hapa Isiolo, hapa kwetu palipochanganyika! Lakini binti yangu, mimi ninamwona mtu aliyeletwa kwenye karatasi." Ndiyo maana siwezi kumjibu Zamzam, na siwezi kumjibu Mama Diba. Zamzam yuko sawa: sheria ingekuwa moja, kalamu yangu isingekuwa na nguvu ile. Mama Diba naye yuko sawa: sheria yetu ilikuwa na mlango, ni mimi niliyeufunga. Ninachojua ni kwamba ningetaka korti yoyote, ya Kadhi au ya serikali, ianze kwa kuuliza nani alikuwa anakula katika sufuria hii, na iwaandike wote kabla ya kuhesabu chochote. Na ninajua kwamba nimewatamani watu wawili kwa miaka thelathini na mitatu, nikiwa ndani ya chumba chao, na hati ya umiliki kwenye sanduku.

Saa nane mchana, wageni walipokwenda kuswali na joto lilipokaza, nilimkuta Akiru amesimama katika chumba cha nyuma. Mbao nimezibadilisha isipokuwa za ukuta wa kitandani, paa nimeezeka upya, lakini kitanda ni kile kile. Sikuwahi kukipangisha chumba hicho. Baada ya mume wangu kufariki nilirudi kulala humo. Nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyabeba: kwamba fomu niliandika mimi, kwamba niliwakata mimi, na kwamba kesho tukienda kwa Kadhi wa sasa ninaweza kumpa chumba hiki nikiwa hai, kwa mkono wangu, hakuna wa kupinga. Nilisimama wima kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Niko na nyumba Lodwar," akasema. "Na paa haivuji kama hii yako." Akaketi kitandani, nacho kikapiga kelele, na wote wawili tukakitazama. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa kava la plastiki, kama lile la kuhifadhia kitambulisho, na ndani yake kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Ulikuwa ukurasa wa katikati wa daftari la hesabu, na matundu mawili ya pini katikati. Wino wa buluu ulikuwa umekuwa kahawia. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Nilijua siku ile tulihama," akasema. "Ulisahau chini ya godoro. Mimi nilitaka kupasua, Mama akakataa. Akasema, angalia vizuri kwanza."

"Uangalie nini?"

Akaweka kidole juu ya jina lake. "Uliniandika. Kabla hawajakwambia kitu, uliniandika. Halafu ukakata. Nimekukasirikia sana, Habiba, usidhani. Miaka mingine nilikuwa natoa hii karatasi ndio nikukasirikie vizuri. Lakini ulikata mara moja tu, mstari mmoja. Jina inasomeka mpaka leo."

Nililia, si bila sauti. Aliniacha nilie, hakunishika wala hakuninyamazisha, akavua viatu vyake vya vumbi akavipanga vizuri chini ya kitanda. Nilipochoka nikajilaza, kama ninavyojilaza kila siku saa hiyo, upande wa ukutani, kwenye ile hewa ya ufa ambao sikuwahi kuuziba. Akanitazama kutoka juu, mikono kiunoni.

"Sogea," akasema. "Huo ni upande wangu."

Nikasogea.